Jina la Mfalme Aliye Mbali

Katika nchi zenye wafalme ni desturi amri kutolewa kwa jina la mfalme, hata kama si yeye aliyezitunga. Wengine hudhani desturi hii ni maneno matupu. Lakini habari za Ananda Mahidol wa Siam zatuonyesha ya kuwa jina peke yake laweza kuingiza nchi vitani, na laweza pia kuitoa.

Ananda alizaliwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1925. Tarehe 2 Machi 1935 mfalme Prajadhipok alijiuzulu bila kumtaja mrithi, nao wakuu wakamchagua Ananda, mtoto wa miaka 9 aliyekaa na mamaye Lausanne, katika Uswisi. Basi mtoto akabaki na vitabu vyake huko, na makaimu wakatia sahihi kwa niaba yake. Nguvu za mfalme zilikuwa zimekwisha kupunguzwa na mapinduzi ya 1932. Na tangu Desemba 1938 mwenye amri hasa alikuwa Phibun, askari aliyekuwa Waziri Mkuu. Katika utawala wake, mwaka 1939, Siam ikaitwa Thailand.

Tarehe 8 Desemba 1941 Wajapani waliingia nchini, na baada ya saa chache za mapigano Phibun akawapa njia. Tarehe 25 Januari 1942 serikali yake ikatangaza vita juu ya Uingereza na Marekani kwa jina la mfalme, naye alikuwa kijana wa miaka 16 tu, mwanafunzi ugenini. Lakini Pridi Banomyong, mmoja wa makaimu, hakutia sahihi yake. Na balozi Seni Pramoj, huko Washington, alikataa kuikabidhi hati ya vita. Pridi akawaongoza kwa siri watu waliowapinga Wajapani. Hata Japani iliposhindwa, tarehe 16 Agosti 1945, akatangaza kwa jina la mfalme yule yule ya kuwa tangazo la vita lilikuwa batili, kwa kuwa lilivunja katiba na kupinga mapenzi ya watu.

Desemba 1945 mfalme alirudi. Juni 1946 alikwenda na nduguye Bhumibol hata Sampheng, mtaa wa Wachina katika Bangkok, ili kutuliza uhasama baina ya Wathai na Wachina. Kazi hiyo kaimu hakuweza kumfanyia. Siku chache baadaye, tarehe 9 Juni, alikutwa jumbani amekufa kwa risasi, hali hajatawazwa rasmi. Adui za Pridi wakamsingizia kifo hicho; askari wakapindua serikali mwaka 1947, Pridi akakimbia, na Phibun akarudi madarakani mwaka 1948. Watu watatu waliomtumikia mfalme wakauawa kwa hukumu mwaka 1955, ingawa wanahistoria wengi huitilia shaka hukumu hiyo. Hivyo hata mautini jina lake lilitumiwa na wengine.

Kwa hiyo, mwalimu asomapo na wanafunzi wake ya kuwa mfalme fulani aliamuru hili au lile, yafaa awaulize kwanza: ni mkono wa nani ulioshika kalamu?