Dawa Iliyoondolewa Ikarudi

Katika historia ya Mylotarg, kilichonivutia zaidi ni dozi. Dawa hii ni kingamwili inayonasa alama ya CD33 kwenye seli za saratani ya damu na kuziingizia sumu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2000 kwa wazee waliorudiwa na ugonjwa, kutokana na majaribio ya wagonjwa 142 tu. Mwaka 2010 mtengenezaji akaiondoa sokoni: jaribio kubwa kwa wagonjwa wapya halikuonyesha faida, na vifo vya mapema viliongezeka. Lakini Wafaransa walikuwa wameshajaribu dozi ndogo kwa wagonjwa 57 waliorudiwa na saratani: badala ya miligramu 9 kwa mita ya mraba mara mbili, walitoa 3 mara tatu ndani ya wiki. Ilirudi Marekani mwaka 2017. Waliofariki katika miaka hiyo saba wananifanya nisite kuuita ushindi.