Gemu Iliyosimuliwa Kabla ya Kutoka
Mei 2019, mwandishi George R. R. Martin aligusia tu kwamba ametoa ushauri kwa gemu moja ya Japani. Jina hakulitaja. Jamani, mashabiki walitaka nini tena? Wengi wakaihisi FromSoftware, watengenezaji wa Dark Souls. Juni ikatangazwa: Elden Ring. Kisha kimya cha karibu miaka miwili, na kwangu utamu uko hapo. Watu wakabuni wahusika wasiokuwemo, kama Hodir, bingwa wa silaha ya mpini mrefu, wakawapa visa na kuwabishania kama majirani zao. Wengine waliuita wazimu. Mie nauita utunzi. Gemu ilitoka 25 Februari 2022, bila Hodir. Martin kumbe aliandika historia ya kale tu ya ulimwengu ule. Mengine mchezaji anayaokota vipandevipande, anakisia.