Utulivu wa Nchi na Uhuru wa Mtu: Hukumu ya Thysville, 1921

Mtakatifu Thomas atufundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafaa ya watu wote. Tena asema kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila kosa, bali hasa yale yanayowadhuru wengine. Tupime kwa kipimo hiki jambo moja la nchi yetu.

Mwezi wa Aprili 1921, Simon Kimbangu, mkristu wa misioni ya Wabaptisti, alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa kule Nkamba, katika Kongo ya Chini. Aliwaambia watu watupe dawa za uganga na waache kuoa wake wengi. Hakuwa na jeshi, wala hakuhubiri vita. Walakini watu waliacha kazi, wakakimbilia Nkamba makundi makundi, na wengine wakanena kwamba utawala wa Wazungu u karibu kwisha. Serkali ikaogopa. Hofu hiyo haikuwa upuuzi mtupu, kwa maana mwenye kutunza nchi hana budi kuangalia makundi makubwa. Hatulaumu kuangalia, twalaumu yaliyofuata.

Mwezi wa Agosti utawala wa kiaskari uliwekwa Thysville. Mwezi wa Septemba Kimbangu alijitoa mwenyewe. Akashitakiwa mbele ya baraza la kiaskari, pasipo mtetezi, na siku ya 3 Oktoba akakatiwa hukumu ya kufa. Mfalme Albert I aliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alifungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafa mfungwa siku ya 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake wengi walihamishwa mbali na kwao kwa nguvu ya dekreti ya 1910, iliyomruhusu Gavana kumhamisha mwenyeji aliyedhaniwa kuharibu utulivu, pasipo kumpeleka mbele ya mwamuzi.

Hapo ndipo kosa. Neno «utulivu» halikuwekewa mpaka, na aliyeogopa ndiye aliyehukumu. Matunda yake ni nini? Dini iliyofukuzwa ilienea pamoja na hao waliohamishwa, na Desemba 1959 serkali ile ile ikaitambua.

Ndugu, tusinawe mikono kama Pilato. Wamisionari Wakatoliki kadhaa waliihimiza serkali itumie ukali, wakidhani wanalinda kundi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tangazo Dignitatis Humanae, ulifundisha kwamba uhuru wa mtu uheshimiwe kadiri iwezekanavyo, wala usipunguzwe ila inapolazimu.

Basi nabii akitokea kijijini na waamini wakimfuata, padri au katekista asikimbilie polisi kwanza. Ajiulize: Je, kuna mtu anayepigwa, anayeibiwa, au mgonjwa anayekatazwa dawa? Ikiwa ndivyo, aiite serkali, na mshitakiwa apate mtetezi. Ikiwa sivyo, silaha yetu ni mafundisho, sala na mwenendo mwema.