Bunduki na Kiasi Chake katika Nchi ya Unyanyembe

Katika lugha yetu tunalo neno moja lifanyalo kazi mbili. Kiasi ni kipimo cha kitu chochote; tena kiasi ni ile risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake katika kikombe kidogo cha shaba nyeupe, tayari kutiwa ndani ya bunduki. Wazee waliolipa neno hili kazi ya pili hawakukosea, maana bunduki ya siku hizi haikubali ila kitu kilichopimwa kwa ajili yake. Mzidishie unene wa unywele mmoja, itakataa. Mpunguzie, risasi itatoka ikiyumba kama mlevi. Sisi tulio hapa Mtendeni, mjini Tabora, twaishi mahali palipopitiwa na bunduki za kila namna kwa muda wa miaka mia, na twaona kwamba habari nyingi za nchi hii hazifahamiki vema mpaka mtu ajue jambo hili dogo la kiasi.

Hapo kale halikuwako. Bunduki zilizopanda kutoka pwani pamoja na misafara, kupita Ugogo hata kufika Kaze na Kwihara, zilikuwa magobori: bunduki za gumegume, na baadaye za fataki, zilizojazwa kwa mdomo. Mtu alimimina baruti, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, akashindilia tena. Kasiba yake ilikuwa laini ndani kama mwanzi, wala haikuchagua chakula. Risasi ikikosekana, kipande cha chuma kilifaa. Chuma kikikosekana, hata kokoto. Na kitako kikivunjika, fundi wa kijiji alikifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, nayo ikikauka hukaza kuliko misumari. Nchi hii ilikuwa na wahunzi hodari, ambao majembe yao yaliuzwa mbali sana, basi gobori halikuwa jambo la kuwashinda. Twasema kwa hakika kwamba bunduki ile, ingawa ilitoka ng'ambo, ilipokwisha kuingia Unyamwezi ilikuwa mali ya mwenyewe. Alihitaji baruti tu.

Bunduki hizi zilitoka wapi kwa wingi namna ile? Zilitoka katika maghala ya majeshi ya Ulaya. Kila mara taifa moja lilipobuni bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, na bandari ya Unguja ikazipokea. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Msomaji na afikiri: pembe ngapi, na watu wangapi waliofungwa minyororo, walitelemka pwani kulipa hesabu ile!

Kwa magobori hayo Mirambo wa Urambo aliushika ufalme wake. Tarehe 22 Agosti 1871 aliingia Tabora yenyewe, akateketeza sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa siku ile. Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, akauona moshi. Waarabu na watu wa Mirambo walipigana kwa silaha za namna moja, ndiyo sababu vita vile vilidumu miaka mingi pasipo mshindi: mwenye shabaha na mbio ndiye aliyepata siku yake, na kesho ilikuwa ya mwingine.

Lakini huko Ulaya mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mafundi walikuwa wamejua kuchora michirizi izungukayo ndani ya kasiba, ili risasi itoke ikizunguka kama pia, isiyumbe. Kisha wakajua kuitia risasi kwa nyuma badala ya mdomoni. Hapo ndipo kilipozaliwa kile kikombe cha shaba, na hapo ndipo bunduki ilipoanza kuchagua.

Jambo linalotupendeza katika habari hii ni kwamba mataifa matajiri hayakutupa bunduki zao za zamani zote. Yalizigeuza. Mwaka 1866 Waingereza walichukua bunduki zao za kushindilia, wakakata sehemu ya nyuma ya kasiba, wakatia kifuniko chenye bawaba kilichobuniwa na Snider. Basi bunduki ya jana ikawa bunduki ya leo kwa gharama ndogo. Mwaka 1871 wakachagua nyingine, iitwayo Martini-Henry, yenye tundu la inchi 0.45. Hata walipopata baruti isiyo na moshi na kiasi chembamba cha inchi 0.303, hawakuziacha Martini zile. Waliivua kasiba pana, wakakaza kasiba nyembamba mahali pake, na mtambo ukabaki ule ule. Kuvua kasiba si kazi ya uchawi, maana kasiba ya bunduki hushikwa na mtambo kwa skurubu, kama kifuniko cha chupa. Ugumu ni katika kupima.

Twarudi kwetu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mkubwa wa Mapadre Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Mahubiri yake yalisaidia kuleta mkutano wa mataifa, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mapatano ya Brussels. Mapatano hayo yalikataza kuuza katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za michirizi na za kujazwa nyuma. Magobori yaliruhusiwa, kwa kuandikishwa. Nia ya kuwakomesha wauza watu ilikuwa njema, nasi hatuidharau. Walakini haifai kuficha upande wa pili: sheria ile iliwaachia wenyeji silaha ya zamani, na ile mpya ikabaki mikononi mwa waliokuja kutawala.

Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyaonja matunda yake. Mwaka 1892 Wadachi walilishambulia boma lake wakarudishwa nyuma. Kuna wasemao kwamba watu wa Isike walishindwa kwa sababu ya woga. Hao hawajaisoma habari ile. Mwezi wa Januari 1893 akaja Tom von Prince na askari wenye bunduki za kiasi, boma likavunjwa, na Isike alipoona yamekwisha akaingia katika ghala yake ya baruti akaiwasha. Walimkuta bado anapumua, wakamnyonga. Alikuwa na baruti ya kutosha kulipua nyumba. Lakini baruti iliyo ndani ya pipa haifai kitu mbele ya bunduki ifyatuayo mara nyingi wakati mtu wa gobori anatafuta mdeki wake.

Sasa tufike kwenye bunduki ya Mauser, ambayo vijana wetu wengi wa Unyamwezi na Usukuma waliibeba katika jeshi la Wadachi. Ya kwanza, ya mwaka 1871, ilikuwa na tundu la milimeta 11, na baruti yake ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha chuma kiendacho mbele na kurudi nyuma mfano wa komeo la mlango. Komeo hilo liliendelea kutengenezwa hata mwaka 1898 ikatoka bunduki iliyo bora kuliko zote za ukoo ule, yenye tundu la milimeta 7.9 na baruti isiyo na moshi, nayo ilichukua viasi vitano kwa mara moja. Mtambo wake ulikuwa wenye nguvu sana, na kwa kuwa ulitengenezwa kwa maelfu na maelfu, bei yake haikuwa kubwa.

Hapo fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, aliona jambo. Walowezi na wawindaji waliokuja Afrika walitaka bunduki ya kumwangusha nyati na tembo. Waingereza walikuwa nayo, bunduki nzito ya kasiba mbili, iliyofanywa kwa mkono, lakini bei yake ilikuwa ya bwana mkubwa, si ya mkulima. Mauser ya askari ilikuwa rahisi, ila risasi yake ilikuwa nyembamba kwa kazi ile. Basi mwaka 1905 Bock hakubuni bunduki mpya. Alibuni kiasi kipya. Alikipa risasi nene ya milimeta 9.3, na kikombe chenye urefu wa milimeta 62. Tako la kikombe akalifanya karibu sawa na la kiasi cha askari, ili komeo lilishike pasipo kubadilishwa. Urefu wa kiasi kizima akauweka ili kiingie katika chumba kile kile cha viasi. Kilichobaki ni kuvua kasiba na kutia nyingine. Gramu 18 na nusu za risasi zikatoka katika mtambo uliozoea kutoa kiasi cha kumwulia mtu, na mkulima wa kawaida akaweza kuinunua. Kiasi hicho kilienea sana katika Afrika ya Mashariki, nacho kinatengenezwa hata leo.

Twakaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu watu hudhani kwamba kubadili kasiba ni kama kubadili mpini wa jembe. Sivyo. Tako la kiasi, urefu wake, unene wa risasi na nguvu ya baruti, vyote vinne lazima vipatane na mtambo, na kimoja kikipingana na vingine, chuma hupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Bock alisifiwa kwa kupima kabla ya kukata.

Vita vya 1914 vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kidachi hapa nchini yalikuwa bado na Mauser ya 1871. Kila askari alipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka chake, na adui akajua pa kulenga. Msaada ulikuja kwa njia isiyotazamiwa. Tanga, mwezi wa Novemba mwaka ule, Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha bunduki 455, bombom 16 na viasi 600,000. Wadachi wakawapa askari wao silaha hizo. Mwezi wa Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojigeuza jina na bendera, ilifika ghuba ya Manza karibu na Tanga ikifukuzwa na manowari. Ilizama majini penye kina kidogo, nayo ilikuwa na bunduki 1,800 hivi na viasi kwa mamilioni. Wazamiaji walivitoa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Basi ikawapasa watu kuvifungua viasi, kuikausha baruti, kujaribu fataki na kuvifunga tena. Kazi gani ile!

Hapa Tabora shaba ya viasi ilipata kazi nyingine. Fedha zilikuwa hazifiki kutoka Ulaya, basi mwaka 1916 katika karakana ya reli zikapigwa sarafu: za dhahabu ya Sekenke, rupia 15, zenye picha ya tembo, na za heller 5 na 20, ambazo shaba yake ilitoka katika vikombe vya viasi vilivyokwisha kupigwa. Mama aliyekwenda sokoni na heller 20 mkononi alikuwa amebeba risasi ya jana. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur wakaingia mji, na sarafu zile zikabaki kuwa kumbukumbu.

Kutoka hapo von Lettow-Vorbeck hakuwa na bandari tena, wala karakana, wala meli. Bunduki zake za Kidachi zilikuwa nzima. Viasi vyake ndivyo vilivyokwisha. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma akawashambulia Wareno huko Ngomano, akatwaa bunduki zao pamoja na viasi vyake. Zilikuwa Mauser nazo, zilizotengenezewa Wareno mwaka 1904 kwa ufundi wa afisa wao Vergueiro, zenye tundu la milimeta 6.5. Komeo la Mauser ya Kidachi na la Mauser ya Kireno ni ndugu, lakini kiasi cha huyu hakiingii katika kasiba ya yule, na porini hakuna fundi wa kuvua kasiba. Basi askari walibadili bunduki zima zima. Bunduki nzuri ya mwaka 1898 ikatupwa kama fimbo iliyovunjika, kwa kukosa chakula chake.

Alipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, walihesabu bombom 37, ambazo 7 tu zilikuwa za Kidachi, na viasi 208,000. Bunduki za askari zilikuwa 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Jeshi lililoanza vita na Mauser ya 1871 lilimaliza pasipo bunduki hata moja ya kwao. Na wale Wanyamwezi waliokuwa wamo ndani yake walirudi Tabora mikono mitupu, wengine wakingoja mishahara yao miaka mingi.

Kuhusu bunduki za Wareno, ziko habari zaidi. Baadaye Ureno ilichagua kiasi cha Kidachi cha milimeta 7.9 kwa jeshi lake. Mauser za mwaka 1904 zilizokuwa zimesalia katika maghala yao hazikutupwa. Mwaka 1939 zilifupishwa, zikabadilishwa kipimo, zikaanza kula kiasi kile kile ambacho, kwa kukikosa, Wadachi walikuwa wamezinyang'anya ndugu zake huko Ngomano.