SARATANI YA MATITI, SEHEMU YA 3: Ile hadithi ya sukari ilianzia wapi?

Wiki hii swali lililojirudia ni moja: "Nesi, eti nikiacha sukari saratani inakufa njaa?" Hebu turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1920, mjini Berlin, Ujerumani, mwanasayansi Otto Warburg alichunguza vipande vya uvimbe wa saratani kutoka kwa panya. Akakuta seli zake zinakula sukari nyingi mno na kuigeuza asidi, hata pale oksijeni ipo ya kutosha. Warburg akaamini kasoro hiyo ndiyo chanzo cha saratani. Hapo alipitiliza, leo tunajua chanzo ni hitilafu kwenye vinasaba vya seli. Lakini ule ulaji wa sukari ni kweli kabisa, na kipimo cha PET huutumia kuonyesha saratani ilipo mwilini.

Sasa, kuna jambo lilichelewa kujulikana. Askari wa kinga yetu, seli T, nao wanahitaji sukari ili wapigane! Mwaka 2015 utafiti kwa panya ulionyesha kuwa uvimbe unaweza kuwanyang'anya chakula hicho. Ile asidi nayo inawalegeza.

Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuachia "breki" zinazowazuia askari hao. Dawa zilizotokana na kazi hiyo leo zinawasaidia baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, siyo wote.

Kwa hiyo, mama, huwezi kuinyima saratani sukari. Ukiacha kula, ini lako litatengeneza nyingine. Kupunguza soda na keki ni vizuri kwa uzito na afya yako, ila siyo tiba.

Nasema haya kwa uchungu. Nilimpokea mama aliyekaa miezi minane akinywa uji bila sukari, akisubiri uvimbe unywee. Haukunywea.

Ukigusa uvimbe, hata kama unanyonyesha na unadhani ni maziwa yameganda, usisubiri. Nenda kituo cha afya wiki hii hii. Na wewe baba unayesoma, msindikize.

Sehemu ya 4: tutajifunza kujichunguza matiti. Mtumie dada yako hii.