Nani Aliwaua Romeo na Juliet? Madaraka, Siri na Mizani ya Lawama

Mwaka 1562 mshairi Mwingereza Arthur Brooke alichapisha shairi refu la masimulizi kuhusu vijana wawili wa Verona, na akalimalizia kwa hukumu. Yaya aliyeficha habari za ndoa anafukuzwa mjini. Muuza dawa aliyetoa sumu ananyongwa. Mtumishi wa kijana anaachiliwa kwa kuwa alitii tu amri ya bwana wake. Mtawa aliyewafungisha ndoa anasamehewa, anajitenga nje ya mji, na kufariki miaka mitano baadaye. Wakuu wa koo mbili zilizohasimiana hawaguswi. Wanapatana, basi.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye William Shakespeare alilifanya shairi hilo kuwa chanzo kikuu cha tanzia yake ya Romeo and Juliet, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597. Mengi aliyabakiza, lakini orodha ile ya hukumu aliifuta. Katika tamthilia yake, mtawala Escalus anatangaza tu kwamba wapo watakaosamehewa na wapo watakaoadhibiwa, bila kutaja hata jina moja.

Makala hii inadai kwamba kufutwa kwa hukumu hizo ni hoja, wala si uvivu wa kumalizia. Brooke aliteremsha adhabu kwa watu wa chini, na Shakespeare akaiondoa huko ili jicho la mtazamaji lipande juu. Mizani inayopendekezwa hapa ina maswali mawili: mhusika alijua nini, na alikuwa na uwezo gani wa kuyabadili mambo bila kuhatarisha uhai wake? Kwa mizani hiyo lawama haigawanyiki sawasawa. Inawaelemea zaidi mzee Capulet, baba yake Juliet, na mtawala, kisha Montague, baba yake Romeo, na mtawa Laurence, na kwa uzito mdogo zaidi wapenzi wenyewe na watumishi.

Kosa la vijana?

Usomaji wa kwanza, na wa zamani kuliko yote, huwalaumu wapenzi. Katika dibaji yake Brooke aliwasema vijana waliodharau mamlaka ya wazazi na ushauri wa marafiki, wakatumbukia katika maangamizi, ingawa shairi lenyewe linawahurumia kuliko dibaji inavyoahidi. Sheria ya Uingereza ya karne ya 16 nayo isingewaonea huruma. Kujiua kulihesabiwa kuwa jinai, mali ya marehemu iliweza kuchukuliwa na Taji, na maziko ya kanisa yalikataliwa. Msomaji wa Kiswahili ana methali yake ya kuunga mkono usomaji huu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Usomaji huo una ushahidi, na si haki kuupuuza. Romeo anamuua Tybalt, binamu yake Juliet, akiwa na hasira. Akiwa uhamishoni Mantua anamuuliza mtumishi wake kama kuna barua kutoka kwa mtawa, anaambiwa hakuna, na bado anaondoka usiku uleule kwenda kufa. Kaburini anamuua Paris, kijana ambaye kosa lake pekee lilikuwa kumlilia mchumba. Mtu aliyeua watu wawili ndani ya siku chache hawezi kuitwa malaika.

Hata hivyo, Shakespeare amebadili vipimo viwili vinavyoudhoofisha usomaji huu. Cha kwanza ni umri. Juliet wa Bandello, mwandishi wa Kiitalia aliyeisimulia hadithi hii mwaka 1554, ana miaka 18. Wa Brooke anakaribia 16. Wa Shakespeare hajatimiza 14, na umri huo unarudiwa mapema katika mchezo ili asiwepo wa kusema hakusikia. Cha pili ni muda. Mambo ambayo kwa Brooke yalichukua miezi, Shakespeare ameyabana kati ya Jumapili na Alhamisi. Kadiri umri unavyopungua na muda unavyobanwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kudai kwamba mtoto huyo alipaswa kuwa na hekima waliyoikosa watu wazima waliomzunguka. Isitoshe, Juliet anajaribu njia halali. Anamwomba baba yake kwa magoti acheleweshe ndoa, anamwomba mama yake, anamgeukia yaya. Milango yote mitatu inafungwa katika onyesho moja. La mkuu alilisikia vizuri sana. Wakuu ndio hawakulisikia lake.

Kosa la majaliwa?

Usomaji wa pili unazielekea nyota. Utangulizi wa tamthilia wenyewe unawaita vijana hawa watu waliopingwa na nyota zao, na Romeo analalamika mara kwa mara kwamba bahati inamchezea. Ushahidi unaotajwa zaidi ni barua. Mtawa John, aliyetumwa Mantua kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa bali amelazwa tu kwa dawa ya mtawa Laurence, anafungiwa katika nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni na hafiki. Watazamaji wa London walilielewa jambo hilo bila maelezo, kwani kati ya 1592 na 1594 majumba ya michezo yao yalifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa huohuo.

Lakini bahati mbaya haiui peke yake. Tauni ilimzuia mjumbe mmoja. Kilichoua ni kwamba uhai wa watu wawili ulitegemea mjumbe huyo mmoja, na ulimtegemea kwa sababu ukweli haukuweza kutembea mchana. Mtumishi wa Romeo, ambaye hakujua siri ya dawa, alifika Mantua bila shida akiwa na habari za uongo alizoziona kwa macho yake: maziko ya Juliet. Uongo ulikuwa na njia ya wazi, ukweli ukapita uchochoroni. Mpangilio huo wa njia ni kazi ya binadamu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaozilaumu nyota hulipita haraka. Ndoa ya Juliet na Paris ilipangwa iwe Alhamisi. Mzee Capulet, kwa furaha ya kumwona binti yake ametii, aliirudisha nyuma hadi Jumatano. Kwa hiyo Juliet alilazimika kunywa dawa Jumanne usiku, si Jumatano, na mpango wa mtawa, uliotegemea usingizi wa saa 42, ukapoteza siku nzima ya akiba. Hata bila mlango wa nyumba ile kufungwa kwa ajili ya tauni, siku ya kusubiri ilikuwa imekwisha kuliwa na baba.

Mtawa na siri yake

Mtawa Laurence ni mhusika mgumu kumhukumu kwa sababu nia yake ni njema. Anawafungisha vijana ndoa akitumaini kuwa muungano huo utaugeuza uhasama wa koo mbili kuwa mapenzi. Anawaonya wasifanye haraka, kisha anawaoza siku moja tu baada ya wao kuonana. Kosa lake halisi, hata hivyo, ni siri zaidi ya haraka. Ndoa ya kuleta amani haileti amani ikiwa wahasimu hawaijui. Alitengeneza dawa ya ugonjwa wa hadhara kisha akaificha kabatini.

Je, alikuwa na njia nyingine? Mchezo unajibu kwa mkato katika onyesho la mwisho. Mtawa anapoeleza yote mbele ya mtawala, akijitolea hata kuuawa kama sheria inataka, Escalus anamjibu kwamba siku zote amejulikana kuwa mtu mtakatifu. Huo ni msamaha, lakini pia ni ushahidi dhidi yake. Mtu mwenye heshima kiasi hicho angeweza kwenda kwa Escalus Jumanne asubuhi na kusema kwamba Juliet ni mke wa mtu, na kwamba ndoa ya pili ingekuwa batili na dhambi. Badala yake alichagua kaburi, dawa na barua. Na Juliet alipoamka na kumkuta mumewe amekufa, Laurence aliposikia kelele za walinzi alikimbia akamwacha peke yake na jambia. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Laurence aliificha tiba, na kifo kikamuumbua vilevile.

Pamoja na hayo, hatuwezi kumpandisha juu ya orodha. Siri yake ilizaliwa ndani ya mji ambao jina la ukoo lilitosha kuchomolewa upanga. Aliitikia hali ambayo hakuiumba.

Watu wa chini

Yaya ndiye Brooke aliyemfukuza mjini, na wasomaji wengi bado humkunjia uso kwa kumshauri Juliet aolewe na Paris wakati anajua fika kwamba Romeo yu hai. Ushauri huo ni usaliti. Unamwacha msichana bila msiri hata mmoja ndani ya nyumba. Lakini tukumbuke kilichotangulia. Mzee Capulet alipokuwa akimtukana binti yake, aliyethubutu kumtetea waziwazi alikuwa yaya huyohuyo, na alinyamazishwa kwa matusi. Baada ya hapo alisema kile ambacho mtumishi asiye na kwao husema ili abaki na kazi.

Muuza dawa wa Mantua anatuonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Anajua kwamba sheria ya mji inamwadhibu kwa kifo anayeuza sumu. Anaiuza kwa dukati 40 kwa sababu ana njaa, na Romeo mwenyewe anamwambia kuwa dhahabu ni sumu mbaya kuliko hiyo anayoiuza. Brooke alimnyonga mtu huyu. Shakespeare amemwacha, na kabla ya kumwacha amemweleza mtazamaji kwa nini sheria isiyomlisha maskini haina uso wa kumhukumu.

Wazee na mtawala

Sasa tufike kwa wenye nguvu. Chanzo cha uhasama wa koo hizi hakitajwi popote katika mchezo. Ni chuki ya zamani, inatosha. Ukimya huo una maana yake: ugomvi usio na sababu hauhitaji upelelezi ili uishe, unahitaji uamuzi tu. Na mzee Capulet mwenyewe anakiri mapema kwamba kwa watu wenye umri kama wake na wa Montague, kukaa kwa amani si jambo gumu. Usiku huohuo anathibitisha. Tybalt anapomtambua Romeo karamuni na kutaka kumvamia, Capulet anamzuia, anamsifu Romeo kuwa kijana mwenye adabu, na Tybalt anapobisha anamkaripia mpaka ananyamaza. Neno moja la mwenye nyumba lilitosha kuushusha upanga. Kwa hiyo hatuwezi kusema alishindwa kuzuia damu. Aliweza, na aliizuia pale heshima ya karamu yake ilipokuwa hatarini.

Vivyo hivyo kwa ndoa. Mwanzoni alimwambia Paris asubiri miaka miwili, tena autafute moyo wa msichana, kwa kuwa ridhaa ya baba ni sehemu tu ya jambo. Baada ya kifo cha Tybalt anamwahidi Paris bila kumuuliza Juliet, na Juliet anapokataa anatishia kumburuta hadi kanisani, kumfukuza, kumwacha aombeombe na kufa njaa barabarani. Alilijua lililo sawa, alikuwa amelisema kwa kinywa chake, kisha akalivunja. Mizani yetu ya ujuzi na uwezo haina mtu inayemwelemea zaidi.

Montague ni mwepesi kidogo. Anaonekana akimhangaikia mwanawe, na mkewe anakufa kwa huzuni ya Romeo kufukuzwa. Lakini naye alikimbilia barabarani kutaka kupigana katika onyesho la kwanza, na hakuna mahali anapotafuta suluhu kabla ya msiba.

Anabaki Escalus. Anapotokea mara ya kwanza anasema mapigano matatu ya aina hiyo yamekwisha kuuvuruga mji, na anatishia kifo kwa atakayerudia. Kitisho hicho kinawagusa hata wakuu wa koo. Lakini hakiwalazimishi kufanya mapatano yoyote ya hadhara. Damu inapomwagika tena anamfukuza Romeo mjini, na kuwatoza wazee faini kubwa. Adhabu ya kufukuzwa ilionekana kuwa ya huruma, lakini ndiyo iliyomtenga mume na mke na kuifanya barua kuwa ya lazima. Mwishoni anakiri kwamba kwa kuufumbia macho ugomvi wao naye amepoteza ndugu wawili, Mercutio, rafiki yake Romeo, na Paris, na anajihesabu miongoni mwa walioadhibiwa. Hakuna mhusika mwenye cheo katika shairi la Brooke anayehukumiwa namna hiyo, tena kwa kinywa chake.

Hitimisho

Wahakiki wengine huridhika na jibu kwamba wote wana hatia. Jibu hilo linasikika kuwa la haki, lakini kazi yake halisi ni kuwafunika wenye nguvu. Ukigawa lawama sawasawa kati ya mzee aliyeweza kuuzima ugomvi kwa neno, mtawala aliyeweza kuuzima kwa amri, yaya aliyetukanwa akitetea, na mtoto wa miaka 13 aliyepiga magoti, umempunguzia wa kwanza na kumwongezea wa mwisho.

Tamthilia yenyewe inatupa tahadhari. Mbele ya maiti, wazee wawili wanashikana mikono, kisha wanaahidiana sanamu za dhahabu, kila mmoja akitaka sanamu atakayomjengea mtoto wa mwenzake isizidiwe thamani. Bado wanashindana. Hakuna anayemwomba mwenzake radhi kwa ugomvi wenyewe, wala anayetaja neno alilopaswa kulisema Jumapili ile. Mtazamaji anayetoka akiwalilia vijana bila kuwauliza wazee swali hilo atakuwa ameikubali sanamu kuwa fidia.