Kodi ya Benki Iliyonunua Vitabu

Sisi wakutubi tunamsifu mno tajiri Carnegie, mfadhili wa maktaba. Mimi namsifu mchungaji Abiel Abbot. Jimbo la New Hampshire, Marekani, lilitoza benki kodi likitaka kuanzisha chuo kikuu. Chuo kikakwama, fedha zikagawiwa miji kwa ajili ya shule na mambo mengine ya elimu. Hayo "mengine" Abbot aliyaona. Mwaka 1833 mji wake wa Peterborough ukatenga sehemu ya fungu hilo kununulia vitabu vya kuazimwa bure.

Jimbo la Massachusetts, mwaka 1890, lilikuwa kali zaidi: mji usio na maktaba ulipewa vitabu vya dola 100, mradi nao utenge fedha zake kila mwaka. Sharti zuri! Vitabu vya msaada visivyo na bajeti ya halmashauri nimeviona vikiliwa na mchwa. Waheshimiwa madiwani, tengeni fungu.